Kupima Tija ya Mabwawa: Funzo la Kamba kwa Watu wa Manda



Huenda ikaonekana ajabu kwamba mazungumzo yanayofanyika kando ya Ziwa Nyasa, mahali ambapo mto Ruhuhu unamwaga maji yake, yaanze na habari za kamba. Yafaa isemwe mapema kwamba kamba wanaozungumzwa hapa ni wale wa baharini, wanaoliwa, wala si kamba ya kufungia mtumbwi. Kiumbe huyu hafugwi Manda, na hakuna sababu ya kumdanganya mtu yeyote kwamba atafugwa kesho. Kamba mti, ambaye ndiye anayejulikana zaidi katika ufugaji wa pwani ya Afrika Mashariki, anataka maji ya chumvi, au maji ya mlango wa mto ambako chumvi na maji baridi hukutana. Ziwa Nyasa ni maji baridi matupu.

Hata hivyo, katika ufugaji wote wa viumbe wa majini, ni vigumu kumpata mwingine ambaye wafugaji wake wamelazimika kumpigia hesabu kwa ukali kama kamba. Chakula chake ni ghali. Maisha yake bwawani ni ya miezi minne hadi sita tu. Akipatwa na maradhi hufa kwa maelfu katika siku chache, na mwenye shamba hawezi kumwona sawasawa mpaka siku ya kukausha bwawa. Kwa sababu hizo elimu ya kupima ufanisi wa uzalishaji imekomaa sana katika mashamba ya kamba, na elimu hiyo hiyo ndiyo inayokosekana katika taarifa nyingi zinazoandikwa juu ya mabwawa ya perege.

Mfano upo karibu. Takwimu zilizotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, katika miaka ya 2000 zilihesabu mabwawa 14,100 ya samaki Tanzania Bara. Ruvuma ilikuwa na mabwawa 4,942, na Iringa, mkoa ambao wakati huo ulikuwa bado na Njombe na Ludewa ndani yake, ulikuwa na mabwawa 3,137. Bwawa la wastani lilikuwa na mita 10 kwa mita 15. Takwimu hizo zina faida yake, lakini mtumishi anayezisoma hana budi kutambua ni kitu gani kilichohesabiwa. Yamehesabiwa mashimo. Shimo lililotoa kitoweo cha kaya nzima na shimo lililobaki na vyura yana uzito mmoja katika jumla hiyo. Ofisi ikitoa vifaranga, mbegu au mikopo kwa kufuata idadi ya mabwawa, itapata kile inachokihesabu, yaani mabwawa.

Walimu wa hesabu wanajua kwamba kila sehemu ina kiasi juu na asili chini. Tija ni sehemu ya namna hiyo: juu huandikwa mavuno, chini huandikwa kilichotumika kuyapata. Ubishi mwingi juu ya nani amezalisha vizuri hautokani na kiasi. Hutokana na watu kuandika asili tofauti bila kuambiana. Mmoja hugawa mavuno kwa eneo la bwawa, akapata kilo kwa hekta. Mwingine hugawa kwa chakula, mwingine kwa siku za kazi, na mwingine kwa shilingi. Wote wanne wanaweza kusema kweli, na wote wanne wakatoa hukumu tofauti juu ya bwawa lile lile.

Ufanisi nao si kitu kimoja na tija, ingawa maneno haya mawili huchanganywa hata katika taarifa rasmi. Tija husema bwawa limetoa nini kwa kilichotiwa. Ufanisi huuliza kama, kwa kilichotiwa hicho hicho na katika hali hiyo hiyo, ilikuwa inawezekana kupata zaidi. Mtaalamu wa uchumi wa Uingereza, M. J. Farrell, katika makala yake ya mwaka 1957, alionyesha njia ya kulijibu swali hilo kwa vitendo. Badala ya kumlinganisha mzalishaji na kipimo cha kufikirika kilichochorwa na mhandisi ofisini, alimlinganisha na wale waliokwisha kufanya vizuri kuliko wengine kwa nyenzo zinazofanana na zake. Yeye mwenyewe aliijaribu kwa kilimo cha majimbo ya Marekani. Mwaka 1978 Charnes, Cooper na Rhodes wakaiendeleza kwa hesabu zinazoweza kushughulikia mavuno na nyenzo za aina nyingi kwa mara moja, na tangu hapo watafiti wameitumia kupima mashamba ya kamba katika nchi nyingi za Asia.

Katika njia hiyo, mfugaji bora wa eneo ndiye huwekwa kuwa mpaka, na wengine hupimwa kwa umbali waliobaki nao kuufikia. Mfugaji anayetoa kilo 60 mahali ambapo jirani yake mwenye bwawa, chakula na vifaranga kama vyake anatoa kilo 80, ana ufanisi wa asilimia 75. Haijasemwa kwamba ni mvivu. Imesemwa kwamba kuna robo ya mavuno ambayo mahali pake pa kutafutwa ni kwa jirani, wala si katika vitabu vya ng'ambo.

Lakini ni lazima awe jirani wa kweli. Mji wa Njombe umekaa takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai baridi yake huunguza majani. Manda iko ufukoni, na uso wa Ziwa Nyasa ni mita zipatazo 475 tu. Perege hukua vizuri katika maji ya nyuzi 25 hadi 30 za Sentigredi. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hupunguza kula na ukuaji wake hudorora. Kwa hiyo bwawa la Njombe na bwawa la Manda si majirani kwa maana ya hesabu hii, hata kama yanasomeka katika ukurasa mmoja wa taarifa ya mkoa. Mfugaji wa Manda aliyempita mwenzake wa Njombe kwa kilo kumi pengine amesaidiwa na jua. Na yule wa Njombe aliyekosa kilo hizo pengine ndiye mwenye ufanisi mkubwa zaidi. Jambo hili lingefaa kukumbukwa kila inapoandaliwa orodha ya washindi wa maonyesho.

Sasa turudi kwa kamba, maana ndiko ugumu wa kupima unakoonekana wazi. Mwenye shamba hununua vifaranga wadogo mno, urefu wao ni kama sentimita moja, na huuzwa kwa maelfu. Chukua bwawa la hekta moja lililopandwa vifaranga 20 kwa kila mita ya mraba, yaani vifaranga 200,000. Kuanzia siku hiyo hakuna anayejua ni wangapi walio hai. Maji ni ya rangi ya kijani au kahawia, na kamba hukaa chini. Lakini chakula hukadiriwa kila siku kwa kuzidisha idadi ya walio hai kwa uzito wao. Uzito unaweza kupatikana kwa kutupa kimia kila wiki na kuwapima wachache walionaswa. Idadi ndiyo kitendawili.

Tuseme kweli ya bwawa hilo ni kwamba waliobaki hai ni asilimia 60, yaani kamba 120,000, na siku ya mavuno kila mmoja ana gramu 25. Mavuno ni kilo 3,000. Kama wangelishwa kwa kipimo chao halisi, wangetumia kilo 4,500 za chakula, ambayo ni kilo moja na nusu kwa kila kilo ya kamba. Lakini mwenye shamba, kwa matumaini yake, alidhani waliobaki ni asilimia 80. Kwa hiyo kwa miezi yote hiyo alikuwa akilisha kamba 160,000. Elfu arobaini kati yao hawapo. Chakula kilichotumika ni kilo 6,000, na hesabu imepanda hadi kilo mbili za chakula kwa kilo moja ya kamba.

Hasara haikuishia kwenye kilo 1,500 zilizopotea. Chakula kisicholiwa huoza chini ya bwawa. Kinapooza hula hewa ya oksijeni iliyomo ndani ya maji na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Oksijeni ya bwawa huwa chini kabisa karibu na alfajiri, kwa kuwa usiku mimea ya majini haiitengenezi bali huitumia. Kamba waliokuwa hai huanza kudhoofika saa ambayo mlinzi amesinzia. Ndipo mwenye shamba anapolazimika kuwasha mitambo ya kupiga maji kwa umeme au dizeli, gharama mpya iliyozaliwa na kosa la kuhesabu. Yaani wale elfu arobaini wasiokuwapo wamekula chakula, na kisha wamewaua wenzao waliokuwapo.

Dawa iliyobuniwa na wafugaji ni rahisi mno, na inavutia kwa sababu haihitaji mtambo wowote. Ni sinia. Chakula kidogo huwekwa juu ya sinia la wavu na kuteremshwa chini ya maji. Baada ya saa mbili hivi huinuliwa. Kikibaki chakula, kesho hupunguzwa. Kikiisha, huongezwa kidogo. Badala ya mtu kukisia idadi ya walaji, hutazama mezani. Mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kufanya kazi hiyo kwenye bwawa la shule kwa perege wanaolishwa tembe au pumba iliyofinyangwa, na akaandika matokeo yake kila jioni.

Kuna upande mwingine wa hesabu ambao Farrell aliutenga makusudi. Alitofautisha ufanisi wa kazi yenyewe na ufanisi wa kuchagua nyenzo kwa kuzingatia bei zake. Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini namba zake zinaweza kukaguliwa na yeyote. Kuna mabwawa mawili, kila moja lina mita za mraba 300. Bwawa la kwanza limetumia kilo 150 za chakula likatoa kilo 60 za samaki. La pili limetumia kilo 67 na nusu likatoa kilo 45. Bwana samaki anayepima kwa eneo atalisifu la kwanza: kilo 2,000 kwa hekta dhidi ya kilo 1,500. Anayepima kwa chakula atalisifu la pili: kilo moja na nusu ya chakula kwa kilo ya samaki, dhidi ya mbili na nusu.

Waweke bei. Samaki auzwe shilingi 6,000 kwa kilo na chakula kinunuliwe kwa shilingi 1,500. Bwawa la kwanza, baada ya kutoa gharama ya chakula, linabaki na shilingi 135,000. La pili linabaki na shilingi 168,750. La pili limeshinda. Sasa chakula kishuke hadi shilingi 700, kwa sababu mfugaji ana pumba zake na mashudu ya alizeti ya jirani. La kwanza linabaki na shilingi 255,000 na la pili shilingi 222,750. Ushindi umehama, wala hakuna samaki hata mmoja aliyebadilika. Mahali zinapogeukia ni bei ya shilingi 1,090 hivi kwa kilo ya chakula. Ushauri ule ule unaweza kumtajirisha mfugaji aliye karibu na mashine ya kukoboa na kumfilisi yule anayesafirishiwa chakula kutoka mbali, kwa barabara ya milima ya Ludewa, hadi Manda. Mtumishi asiyeuliza bei ya chakula hajapima bado.

Yote hayo ni hesabu ya ndani ya ukingo wa bwawa. Historia ya kamba imeonyesha kwamba hesabu ya ndani inaweza kuwa safi kabisa na shamba likafa. Taiwan katika miaka ya 1980 ilikuwa ndiyo mwalimu wa dunia kwa kilo nyingi katika hekta chache. Mwaka 1987 ilivuna zaidi ya tani 80,000 za kamba wa kufugwa. Mwaka uliofuata mavuno yaliporomoka hadi tani zipatazo 30,000. Maji yalikuwa yamechafuka, mabwawa yalikuwa yamebanana, na maradhi yalipata njia. Kila shamba lilipima kilo zake kwa hekta yake. Maji machafu yaliyotoka yaliingia kwa jirani, na hayakuandikwa katika daftari la yeyote. Karibu na nyumbani, ugonjwa wa madoa meupe uliyapiga mashamba ya Msumbiji mwaka 2011 na ya Madagaska mwaka 2012, mashamba yaliyokuwa yakihesabiwa kuwa miongoni mwa bora barani Afrika.

Na hapa nchini kuna kesi ya Rufiji. Katika miaka ya 1990 kampuni iitwayo African Fishing Company ilipendekeza shamba la kamba la karibu hekta 10,000 katika delta ya mto huo. Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira lilishauri mradi ukataliwe, lakini mwaka 1997 serikali iliuidhinisha. Wanavijiji wa delta walikwenda mahakamani, na shamba hilo halikujengwa. Wengi huisimulia habari hii kama ugomvi wa wapenda mikoko na wapenda maendeleo. Ni masimulizi mepesi mno. Kiini chake kilikuwa swali la kipimo. Delta ya Rufiji ina mikoko ya hekta zipatazo 53,000, na kamba wachanga wa porini hukulia katikati ya mizizi ya mikoko hiyo kabla ya kutoka baharini kuvuliwa. Msitu ule ulikuwa tayari shamba la kamba, lisilonunuliwa chakula wala vifaranga. Aliyegawa mavuno tarajiwa kwa hekta za mabwawa aliipata namba ya kuvutia. Mvuvi wa delta alitaka asili ya sehemu ile iongezwe kamba wake ambao wangepotea. Mvuvi huyo, bila kumsoma Farrell, alikuwa mpimaji bora kuliko waliokuja na ramani.

Kwa watu wa Manda, nyenzo isiyoandikwa haiko mbali hivyo. Imo ndani ya mfuko wa chakula. Chakula cha kamba, na kile kizuri cha samaki, hutiwa unga wa samaki, na ili kupata kilo moja ya unga huo huhitajika kilo nne hadi tano za samaki wabichi. Shamba la kamba linalotumia kilo 1.8 za chakula kwa kilo ya kamba, chakula hicho kikiwa na robo yake unga wa samaki, limetumia karibu kilo mbili za samaki wabichi kuzalisha kilo moja ya kamba. Nchini Tanzania unga huo hutokana sana na dagaa. Usipa wanaoanikwa kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa ni kitoweo cha mtu asiye na fedha nyingi, na ni cha mtoto wake. Wakisagwa kulisha perege wa bwawani, ambaye kwa asili yake anaweza kuishi kwa mimea, pumba na vijidudu vinavyooteshwa kwa samadi, daftari litaonyesha ukuaji wa haraka na tija nzuri. Sahani ya nyumba ya tatu kutoka hapo haimo katika daftari.

Kuna kosa jingine, na hili linakwenda upande wa pili, la kumpunja mfugaji. Shamba kubwa la kamba huvuna kwa siku moja, hukausha bwawa na kupima kila kitu. Mfugaji wa kijijini havuni hivyo. Leo mgeni amekuja, wawili wanatolewa. Jumamosi kuna msiba, kumi wanapelekwa. Mtoto wa shule ameumwa, mmoja anachemshiwa supu. Mwisho wa mwaka Bwana samaki anafika na mizani, wanapimwa waliosalia, na taarifa inaandikwa kwamba bwawa limetoa kilo 18. Mke wa mfugaji, ambaye ndiye aliyekuwa akiwatoa samaki, haulizwi. Kwa kipimo hicho nyumba iliyokula vizuri mwaka mzima huonekana imeshindwa, na nyumba iliyowanyima watoto wake ili ijaze mizani huonekana ina ufanisi.

Vilevile perege wa jinsia zote wakiachwa pamoja huzaana upesi mpaka bwawa likajaa samaki wadogo wasiokua. Anayehesabu vichwa atafurahi. Anayepima uzito wa mmoja mmoja ataona kwamba kilo za bwawa zimegawanywa kwa wengi wasiofaa kuuzwa. Walimu wenye bwawa la shule wanaweza kulionyesha jambo hili kwa mizani ya dukani na ndoo moja: samaki ishirini wa mwezi wa tatu, samaki ishirini wa mwezi wa sita, na tofauti ya uzito igawanywe kwa siku zilizopita.

Daftari linalohitajika kwa kazi yote hii halizidi kurasa chache. Ndani yake huandikwa tarehe na idadi ya vifaranga, uzito wao siku ya kupandwa, chakula kilichotiwa na bei yake, waliookotwa wakiwa wamekufa, joto la maji asubuhi, na kila samaki aliyetoka, awe wa kuuzwa, wa kuliwa au wa kupewa jirani. Safu hiyo ya mwisho ijazwe jikoni, na anayetoa samaki ndiye aishike kalamu.